Pua ya Saba

Viatu vilikuwa vikavu.

Mhudumu wa chumba cha maiti alivimwaga mezani kutoka kwenye mfuko, jozi tatu za mabuti ya mgodini, kisha akasogea pembeni kama mtu aliyekwisha maliza zamu yake. Inspekta alivigeuza kimoja kimoja. Kwenye soli kulikuwa na vumbi la kijivu, laini kama unga. Akachokoa mifereji ya soli kwa ncha ya kalamu. Vumbi tena.

"Mmevisafisha?"

"Sisi hapa tunaosha watu, Afande. Viatu havina anayevililia."

"Vilifika hivi hivi?"

"Hivi hivi. Hata kamba sikuzigusa mimi, alizikata daktari."

Daktari alikuwa ameshasema yake: gesi. Ile isiyo na harufu wala rangi, inayobaki chini ya ardhi baada ya baruti kulipuka, na inayomlaza mtu kabla hajajua kwamba huo si usingizi. Wachimbaji watatu wa zamu ya asubuhi. Juu ya hilo hakuna aliyebishana. Ubishi ulikuwa mmoja tu: waliivutia wapi? Kampuni ilisema waliivutia katika handaki la zamani lililofungwa, walimojipenyeza wenyewe kwenda kujinyoosha. Kama ndivyo, walijitakia. Zamu mpya ingeshuka kesho asubuhi, na faili lingefungwa.

Inspekta alikuwa hajavua hata glovu simu ilipoita. Alikuwa Koplo, aliyemwacha mgodini kulinda chumba cha kompyuta.

"Afande, njoo haraka. Nimemkuta fundi anatupa diski kwenye pipa la taka."

*

Chumba kilikuwa nyuma ya stoo ya kofia ngumu, kidogo, baridi, kinavuma kama mzinga wa nyuki. Koplo alisimama mlangoni ametanua mikono kama golikipa. Fundi, binti mmoja mwembamba aliyevaa ovaroli lililomzidi, alikaa kwenye kreti la soda na bisibisi mapajani. Yeye ndiye aliyeufunga mtandao wa kunusa gesi chini ya mgodi, na yeye ndiye aliyetunza habari zake huku juu.

"Nani amekutuma uitoe?" Inspekta aliuliza.

"Taa nyekundu."

"Sijauliza rangi. Nimeuliza mtu."

"Hakuna mtu, Afande. Diski ikifa, taa yake huwa nyekundu. Nimekuta imekufa, nimeitoa, nimeweka nyingine. Ndiyo kazi yangu."

"Watu watatu wamefariki, polisi wanataka kumbukumbu za siku ile, na diski nayo imechagua leo kufa?"

"Diski hazina adabu. Zinakufa zinapotaka. Ndiyo maana hatujawahi kuziamini."

Koplo alikohoa. Inspekta hakumtazama.

"Eleza."

Binti aliinuka akagusa kabati la chuma lenye taa za kijani. "Humu zimo tano. Kila habari inayopanda kutoka chini inakatwa vipande na kugawiwa diski hizi, pamoja na kipande kimoja cha ziada kinachohakiki vingine. Ni kama ndugu watano waliosimuliwa kisa kimoja, kila mmoja akashika sehemu yake na kidogo ya mwenzake. Akifa mmoja, wanne waliobaki wanakaa chini, wanakijenga kisa chote upya."

"Na wakifa wawili?"

"Hapo ndipo tunapolia."

Inspekta aliitia ile diski mbovu kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake, akampa Fundi asaini. Kisha akampigia simu mtaalamu wa makao makuu, akamweka Fundi aseme naye. Wakaongea lugha yao, wakaulizana namba, wakahakikishana. Mwishowe mtaalamu akaomba kusema na Inspekta. Kisa kilikuwa kamili, alisema. Hakuna neno lililofutwa wala kubadilishwa. Binti hakuharibu kitu.

Inspekta alirudisha simu mfukoni. Kutoka asubuhi alikuwa anadhani ameshika mkia wa nyoka. Kumbe kamba.

"Haya. Hicho kisa kamili kinasema nini?"

Fundi alifungua kompyuta. Kwenye skrini ilitokea ramani ya mahandaki, na juu yake vidoto vyenye namba. Kila kidoto, alieleza, kilikuwa kisanduku kidogo cha kutosha kiganjani, kilichofungwa ukutani. Kilinusa gesi, kikampa jirani yake habari kwa redio, naye akampa wa mbele yake, hadi juu. Nyaya zilijaribiwa zamani, lakini baruti ilizikata kila mara. Wachimbaji waliviita visanduku hivyo pua.

"Ile ya mahali walipokuwa wakichimba?"

"Pua ya saba. Hii hapa. Juu kidogo ya vichwa vyao."

"Inasema nini asubuhi ile?"

Fundi aliinamia skrini. Alionyesha mstari ulionyooka, uliolala chini kabisa ya skrini.

"Inasema shwari. Asubuhi nzima. Hewa safi kuliko ya humu ndani."

*

"Si nilikwambia?" Meneja wa mgodi alisema. "Mitambo haina undugu wala urafiki. Kama pua inasema hapakuwa na gesi, hapakuwa na gesi. Vijana walitoka mahali pao pa kazi."

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya upole, na kwenye kona ya meza yake paliwekwa kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

"Aliyewatoa ni nani?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"Msimamizi wa zamu, Chuma. Aliwakuta kwenye handaki lililofungwa, akawaburuta mmoja mmoja. Na mmoja wao, Mungu amrehemu, ni mdogo wake wa tumbo moja. Kitinda, walimwita, kitinda mimba wa mama yao. Sasa niambie wewe, Afande, nani atamzulia maiti ya mdogo wake uongo?"

Lilikuwa swali zuri. Ndilo lililokuwa limewanyamazisha wote waliopita pale kabla ya Inspekta.

"Pua ya saba yenyewe ilikuwa mahali pake?"

"Ilikuwepo."

"Umeambiwa, au umeiona?"

"Nimeiona. Nilishuka kukagua asubuhi ile ile, nikaiona kwa macho yangu, imefungwa pale pale ukutani. Andika hivyo."

"Koplo ameandika. Soma, uweke saini."

Meneja alisoma, akatabasamu, akasaini. "Na kesho kazi inaendelea?"

"Kesho bado haijafika," Inspekta alisema. "Nataka kushuka."

*

Lifti ilikuwa kizimba cha nyavu za chuma, na Fundi aliingia nao. Koplo alishika nyavu kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Mimi, Afande, niliapa kulinda raia walio juu ya ardhi."

"Basi walinde wa zamu ya kesho, nao wabaki juu."

Chini kulikuwa na joto, na giza lilianza pale mwanga wa taa za kofia ulipoishia. Karibu na lifti, feni kubwa ilisukuma hewa safi kwa kishindo, na kando yake palining'inia kisanduku chenye namba moja. Wakatembea. Pua ya pili, ya tatu, ya nne. Kadiri walivyoingia ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na feni ikabaki kuwa sauti tu nyuma yao.

Inspekta aliomba kwanza apelekwe kwenye handaki lililofungwa. Lilikuwa na mbao zilizopigiliwa mlangoni, mbili zimeng'olewa. Akainama, akaingiza mguu. Buti lake lilizama hadi juu ya kifundo. Maji, na chini ya maji tope jekundu lililovuta kama mkono wa mtu. Akamulika mbele. Lote lilikuwa hivyo, kutoka mlangoni hadi mwisho wa mwanga.

"Maji haya ni ya lini?"

"Tangu lilipofungwa," Fundi alisema. "Ndiyo sababu lilifungwa."

Inspekta alitoa mguu, akautazama. Tope lilikuwa limeingia kwenye kila mfereji wa soli. Hapakuwa na kijana aliyekuja kujinyoosha humu. Hapakuwa na mahali pakavu hata pa kuweka kofia.

"Hawakufia hapa," alisema.

"Ila Chuma amesema..." Koplo alianza.

"Nimemsikia Chuma. Sasa nataka kuisikia pua."

Pua ya saba ilikuwa mwisho wa handaki jingine, juu ya mwamba uliokuwa ukichimbwa. Taa yake ya kijani ilikonyeza kwa utulivu. Inspekta alipanda juu ya jiwe akaimulika. Kisanduku kilifungwa kwa kufuli ndogo kwenye kishikio cha chuma. Vumbi la kijivu lilifunika kila kitu pale: ukuta, kishikio, kofia walizovaa. Kisanduku chenyewe kilikuwa safi.

"Ufunguo wa kufuli hizi anao nani?"

"Meneja na Chuma. Mimi huazima nikija kubadilisha betri."

"Ingehamishwa, ungejua?"

Fundi aliitazama ile kufuli. Alikuwa anafikiri, na alichokifikiri hakikumfurahisha.

"Juu nisingejua," alisema polepole. "Ila majirani zake wangejua."

"Majirani gani?"

"Ya sita na ya nane. Afande, hizi pua zinasikilizana. Kila moja inapima inamsikia nani vizuri, ili imtume yule wa karibu na isimalize betri kwa kupiga kelele mbali. Kile kipimo haikipandishi juu. Kukipandisha kunakula betri, kwa hiyo nilizifundisha zipandishe gesi tu. Hicho kingine kinabaki humu humu ndani ya kila pua, hadi nafasi ijae, ndipo zinakifuta zenyewe."

"Na imeshajaa?"

"Bado kidogo."

Alikaa chini kwenye vumbi, akaunganisha kompyuta na pua ya sita. Inspekta alisimama nyuma yake. Koplo alimulika. Namba zilipita, Fundi akazisimamisha kwa kidole.

"Hapa sita inaisikia saba vizuri, kama mtu wa chumba cha pili. Kesho yake vizuri. Halafu..." Kidole kiliteremka. "Halafu kimya. Haiisikii kabisa. Siku baada ya siku, kimya. Inarudi kusikika alasiri ya ile siku. Baada ya vifo."

Akaenda kwa ya nane. Hadithi ilikuwa ile ile.

"Ilikufa betri?" Koplo aliuliza.

"Ingekufa, isingetuma kitu. Ilikuwa inatuma muda wote. Ilikuwa inatuma kupitia mwingine." Fundi aliinuka bila kujipangusa. "Twende kwa ya kwanza."

Walirudi hadi kwenye feni. Pua ya kwanza, katika siku zile zile za kimya, ilikuwa imeisikia ya saba kama mtu anayepiga kelele sikioni.

Inspekta hakuridhika na maneno. Aliagiza ya saba ifunguliwe kwa ufunguo ambao Fundi alikuwa ameuazima, ikaletwa, akamkabidhi Koplo, akamtuma aishike kila mahali kuzunguka ile feni huku Fundi akisoma namba kwa sauti. Nyuma ya feni, kwenye msumari uliopigwa kwenye mbao, namba zililingana na zile za siku ya vifo, hadi ya mwisho. Msumari ulikuwa mpya.

"Mtandao mzuri," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilijisifu mbele ya kila mtu kwamba ukikata njia moja unatafuta nyingine wenyewe, bila kumsumbua mtu. Pua ikahamishwa, wenzake wakaizoea pale ilipo, wakaendelea na kazi. Haukulalamika. Nilifanya usilalamike."

"Leo umelalamika," Inspekta alisema. "Andika ulichosoma. Koplo, piga picha huo msumari."

*

Meneja alisimama walipoingia na matope yao.

"Pua ya saba ilihamishwa," Inspekta alisema. "Walio na ufunguo ni wawili. Mmoja ni wewe."

"Basi muulizeni wa pili! Muulizeni Chuma. Mimi nilichosema ni kwamba inatusumbua, inalia kila baada ya baruti, kazi inasimama bure. Nilisema itafutiwe penye hewa, basi. Sikumshika mtu mkono."

Koplo alikuwa akiandika.

"Sijakwambia ilipelekwa penye hewa," Inspekta alisema. "Nimesema ilihamishwa."

Meneja aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Koplo, ile yenye saini aliyoiweka kabla hawajashuka, kwamba alikuwa ameiona pua pale pale ukutani kwa macho yake. Akakaa. Kiti kililia chini yake.

Inspekta alifunga lifti kwa mnyororo wa polisi, akaamuru askari wawili wakae pale na mtu yeyote asishuke, si kesho wala keshokutwa. Meneja akapandishwa gari la kwanza. Alikuwa bado anaeleza kwamba hakumshika mtu mkono.

*

Nyumba ya wafiwa ilijaa. Wanaume walikaa uani kwenye mabenchi ya kuazima, wanawake ndani na ukumbini. Inspekta alipopita alisikia mzee mmoja akimwambia jirani yake kwa sauti ya chini: "Ukaidi, bwana. Mtoto wa mwisho akidekezwa, ndiyo hayo." Na mwenzake akaguna, si kwa kukubali, si kwa kukataa.

Chuma alikuwa chumba cha nyuma, peke yake, amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani na malengelenge mapya. Alipoiona sare, hakuuliza kitu.

"Aliivaa ovaroli yangu siku ile," alisema. "Yake ilikuwa imechanika."

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Ulimkuta wapi?"

"Unajua wapi. La sivyo usingekuja."

"Sema wewe."

"Palepale. Mahali pao pa kazi. Wote watatu, kama waliolala." Alitazama malengelenge yake. "Ile pua ililia sana, Afande. Ililia pakiwa na gesi, ililia pakiwa na unyevu tu. Tunakimbia, tunasubiri, tunarudi, hamna kitu. Meneja akasema itafutiwe penye hewa. Nikapiga msumari mimi mwenyewe. Nikasema nitakuwa nakagua kwa kichwa changu, nimezaliwa na kukulia migodini. Asubuhi ile Kitinda akaniuliza, 'Kaka, pua inasemaje?' Nikamwambia shwari."

Nyuma ya mlango palisikika kitu, kama mtu aliyeegemea. Inspekta alisikia. Chuma hakusikia, au hakujali.

"Nikapanda juu kuchukua vifaa. Niliporudi..." Aliikunja mikono yake kifuani. "Meneja akasema wakikutwa pale, ni mimi nitakayefungwa na mgodi utafungwa, na watu wote hawa watakula nini. Tukawahamisha. Wale wawili tulisaidiana. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni, sikutaka aguswe na maji. Nikawaweka mlangoni mwa lile handaki, kwenye mbao. Nikapiga kelele za kuomba msaada."

Ndiyo maana viatu vilikuwa vikavu.

Mlango ukafunguka. Mama yao alisimama kizingitini, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa kichwani kwa kukazwa sana, kama anayezuia kitu kisianguke.

"Uliniambia alikwenda mwenyewe," mama alisema.

"Mama..."

"Uliniambia ulimkataza, akashika njia yake. Nimemlilia mwanangu huku namlaumu. Nimemlaumu jeneza likiwa limefungwa, mwanangu, na wewe umekaa pembeni yangu umenishika bega."

Chuma aliweka paji la uso kwenye magoti. Inspekta alitoa pingu mfukoni.

"Subiri, mwanangu Afande," mama alisema. Hakumwomba. "Huyu ni wako, utamchukua. Lakini uani mwangu wamekaa watu wanaoamini kwamba mtoto wangu alikufa kwa ukaidi. Watatoka hapa na hilo, watalipeleka nyumbani kwao, watalirithisha. Atoke kwanza akawaambie. Kwa mdomo ule ule uliosema lile la kwanza."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama pembeni. Inspekta akazirudisha pingu mfukoni.

Walitoka. Chuma alisimama katikati ya ua, jua la jioni likimpiga usoni, na mazungumzo yakafa benchi moja baada ya jingine. Aliongea kwa shida mwanzoni, kisha maneno yakaja. Alitaja msumari. Alitaja neno shwari. Alisema nani alimbeba nani, na wapi. Hakumtaja Meneja ila mara moja, wala hakujitetea. Alipomaliza alibaki amesimama, mikono imening'inia, kama mtu anayesubiri kuambiwa pole, kwa kuwa siku zote zile kila aliyeingia pale alikuwa amemwambia pole.

Hakuna aliyesema.

Yule mzee aliyekuwa akisema ukaidi aliinamisha kichwa akachora chini kwa fimbo yake, akakifuta alichochora, akachora tena.

Inspekta alimfunga Chuma pingu hapo hapo. Alipokuwa anamgeuza kuelekea kwenye gari, alimwona mama ameshavuka ua, amefika langoni, anajitanda ushungi vizuri. Wanawake wawili walimkimbilia wakimuuliza anakwenda wapi, mfiwa hatoki, akae chini.

"Wako wajane wawili huko wanaoamini uongo kama niliokuwa nauamini mimi," mama alisema.

"Tutakwenda sisi, mama," Inspekta alisema. "Ni kazi yetu."

"Nyinyi mtawaambia nani alihamisha nini. Wala sikatai." Alikuwa ameshafungua lango. "Mimi nakwenda kuwaambia aliyefanya hivyo nilimzaa mimi. Hilo nani atanisemea?"

Akashika njia, peke yake, bila kuligeukia gari.